Seli Isiyopevuka: Historia ya Fikra kuhusu Soriasisi

0. Utangulizi

Soriasisi ni ugonjwa wa ngozi usioambukiza. Mgonjwa huota mabaka yaliyoinuka, yenye magamba makavu ya rangi ya fedha, hasa kwenye viwiko, magoti, kiuno na kichwa. Katika ngozi nyeupe mabaka hayo huwa mekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu hujificha, na baka huonekana la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokoza. Ugonjwa huu huja na kwenda kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yote, na kwa baadhi ya wagonjwa huingia pia katika viungo, ukavifanya vivimbe na kukakamaa.

Makala haya hayakusudii kuwafundisha waganga kazi yao. Yanakusudia kufuatilia historia ya swali moja: ni nini hasa kinachoharibika katika ngozi ya mgonjwa wa soriasisi? Swali hilo limejibiwa kwa namna tatu. Kwanza lilijibiwa kwa jina, na jina lenyewe lilikuwa la ugonjwa mwingine. Baadaye lilijibiwa kwa hadubini: seli za ngozi hazipevuki inavyotakiwa. Mwishowe lilijibiwa kwa elimu ya kinga ya mwili: seli hazipevuki kwa sababu kuna zinazoziamuru zisipevuke. Kila jibu lilikuwa na matokeo yake kwa mgonjwa, tangu kufukuzwa kijijini hadi kupewa dawa inayomfaa. Historia hii inawahusu pia wanaosoma lugha, kwa kuwa sehemu yake ya kwanza ni historia ya tafsiri.

Tuseme neno moja kuhusu istilahi. Seli changa inapogeuka kuwa seli kamili yenye umbo na kazi yake maalumu, wanabiolojia huhitaji jina la badiliko hilo. Kiswahili kina neno linalofaa, nalo ni kupevuka. Embe pevu si lazima liwe limeiva, lakini limekwisha kufikia kimo chake: likichumwa litaivia nyumbani, hali changa likichumwa husinyaa tu. Katika makala haya tutatumia upevukaji kwa maana hiyo, yaani safari ya seli toka uchanga hadi ukamilifu wa kazi yake.

1. Jina lililopotoka

Wagiriki wa kale walikuwa na maneno mawili makuu kwa magonjwa ya magamba na mwasho. Neno lepra lilitoka katika kitenzi chenye maana ya kubambua au kumenya. Lilitaja ngozi yoyote inayotoa magamba. Neno psora lilitaja mwasho na upele. Ama ugonjwa tunaouita leo ukoma, ule unaoharibu neva na kulemaza mikono na miguu, waandishi wa Kigiriki wa enzi ya Warumi waliuita elephantiasis. Galeno, mganga wa karne ya 2, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuandika neno psoriasis, ila aliyoyaeleza chini ya jina hilo yalikuwa mwasho na magamba ya kope na ya sehemu za siri, mambo yasiyolingana na soriasisi ya leo. Kwa hiyo tangu mwanzo jina na kitu havikuwa vimekutana.

Katika karne ya 3 na ya 2 kabla ya Kristo, Wayahudi wa Alexandria, nchini Misri, walitafsiri maandiko yao toka Kiebrania hadi Kigiriki. Walipofika kwenye kitabu cha Walawi walikuta neno tsaraat. Sura ya 13 na ya 14 za kitabu hicho zinaeleza tsaraat ya ngozi, lakini zinaeleza pia tsaraat ya nguo na ya kuta za nyumba. Ni wazi basi kwamba neno hilo halikutaja ugonjwa mmoja. Lilitaja hali ya unajisi inayojionyesha kwa madoa, na mwamuzi wake alikuwa kuhani. Watafsiri walihitaji neno la Kigiriki, wakachagua lepra. Chaguo lao halikuwa la ovyo, kwa maana lepra lilitaja jambo linaloonekana juu ya ngozi. Biblia ya Kilatini ikalipokea neno hilo hilo, na pamoja nalo hukumu ya kumtoa mgonjwa nje ya kambi.

Hatua ya pili ya upotovu ilifanyika katika karne ya 11. Waganga walioandika kwa Kiarabu walitenganisha judham, ambao ndio ukoma wa kweli na ndio uliotupa neno la Kiswahili jedhamu, na baras, yaani ugonjwa wa mabaka meupe. Constantinus Africanus, mtu aliyetoka katika nchi inayoitwa leo Tunisia na kuishia kuwa mtawa wa Monte Cassino, Italia, alitafsiri vitabu vingi vya tiba toka Kiarabu hadi Kilatini. Mahali pa judham akaweka lepra. Tangu hapo neno moja lilibeba mizigo mitatu: magamba ya Wagiriki, unajisi wa Walawi, na ulemavu wa ukoma wenyewe. Mtu mwenye magamba viwikoni aliweza kuitwa kwa jina la mtu aliyepoteza vidole.

Haya hayakuwa mabishano ya wasomi peke yao. Mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano uliweka utaratibu wa makanisa na makaburi ya peke yao kwa wakoma, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kutengwa na jamii. Mwaka 1321, nchini Ufaransa, wakoma walishitakiwa kwamba wametia sumu katika visima, na wengi wao walichomwa moto. Mifupa iliyofukuliwa katika makaburi ya Næstved, Denmark, inaonyesha kwamba wengi wa waliozikwa hapo walikuwa na ukoma wa kweli. Waganga wa zama hizo hawakuwa wajinga. Hata hivyo wanahistoria wengi wa tiba wanaona kwamba miongoni mwa waliotengwa walikuwamo pia wagonjwa wa soriasisi na wa magonjwa mengine ya magamba yasiyoambukiza. Palipokuwa na jina moja tu, hukumu nayo ilikuwa moja.

2. Kutoka Carey Street hadi Vienna

Kazi ya kutenganisha majina ilianza upya mwishoni mwa karne ya 18. Robert Willan, mganga Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1757, alifanya kazi katika zahanati ya maskini ya Carey Street, London. Hapo aliona kila siku wingi wa magonjwa ya ngozi ambao mganga wa matajiri hakuuona kwa mwaka mzima. Njia yake ilikuwa nyepesi, nayo ndiyo iliyokuwa mpya: badala ya kuyapanga magonjwa kwa sababu zilizobuniwa, aliyapanga kwa umbo la alama ya kwanza inayoonekana juu ya ngozi, akitenga vipele, magamba, wekundu, malengelenge, usaha, vinundu na madoa. Kitabu chake kilitoka kwa sehemu tangu mwaka 1798 na kukamilika kama juzuu mwaka 1808.

Katika fungu la magamba Willan alieleza soriasisi kwa usahihi kuliko wote waliomtangulia. Lakini jina la zamani halikumwachia. Mabaka ya mviringo aliyaita lepra ya Wagiriki. Yale yasiyo na umbo maalumu ndiyo aliyoyaita psoriasis. Mwanafunzi wake Thomas Bateman aliendeleza mpango huo katika muhtasari alioutoa mwaka 1813. Hivyo ugonjwa mmoja ulipewa majina mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa lile lile lililokwisha kuwatia watu utengoni.

Mwaka 1841 Ferdinand von Hebra, mganga wa Vienna, alionyesha kwamba lepra ya Willan na psoriasis ya Willan ni ugonjwa mmoja: mabaka ya mviringo hupanuka, huungana na kuvunjika katikati, na mgonjwa yule yule huweza kuwa na sura zote mbili kwa vipindi tofauti. Hebra akaliondoa neno lepra katika soriasisi kabisa. Mwaka 1873, huko Bergen, Norway, Gerhard Armauer Hansen aliona bakteria ya ukoma. Kuanzia hapo ukoma ulikuwa na kisababishi chake kinachoonekana, na soriasisi ilibaki peke yake na swali lake: kama si uambukizo, ni nini?

Mmoja wa wanafunzi wa Vienna, Heinrich Auspitz, aliacha jina lake katika alama inayotumika hadi leo: gamba linapobanduliwa, vitone vidogo vya damu hutokea chini yake. Sababu yake ni kwamba katika baka la soriasisi mishipa midogo ya damu imepanuka na kupanda karibu sana na uso wa ngozi. Mwenzake Heinrich Koebner wa Breslau alieleza mwaka 1872 jambo la ajabu zaidi: ngozi ya mgonjwa iliyokuwa nzima ikikwaruzwa, ikichanjwa au ikiumwa na mnyama, baka la soriasisi huota mahali pale pale pa jeraha. Tuliweke jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

3. Hadubini na hesabu ya siku

Ili kuelewa kilichoonekana baada ya hapo, yafaa tukumbuke namna ngozi ya kawaida inavyojijenga. Tabaka la juu la ngozi halina mishipa ya damu. Chini kabisa mna seli mama zinazogawanyika. Binti mmoja hubaki chini. Mwingine huanza kupanda na kupevuka. Katika tabaka la chini seli hutengeneza aina fulani za nyuzi za keratini, namba 5 na 14. Akianza kupanda, binti huyo huacha aina hizo na kutengeneza namba 1 na 10, zilizo imara zaidi. Akifika juu, hujaa punje nyeusi zenye mama wa filagrini, protini inayofunga nyuzi hizo pamoja. Wakati huo huo protini kama involukrini na lorikrini hupangwa chini ya utando wa seli, na kimeng'enya kiitwacho transiglutaminasi huzishona zote ziwe ganda gumu. Mwishowe kiini cha seli huyeyuka. Kinachobaki ni kigamba kikavu, kisicho na uhai, kinachozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Safari yote huchukua karibu majuma 4: mawili katika matabaka hai, na mawili katika tabaka la vigamba, kabla ya kupukutika bila kuonekana.

Katika soriasisi mambo hayo huvurugika. Wataalamu wa hadubini wa mwisho wa karne ya 19, miongoni mwao Paul Unna wa Hamburg, aliyetoa kitabu kikubwa cha tishu za magonjwa ya ngozi mwaka 1894, walikuta kwamba tabaka la vigamba ni nene, na vigamba vyenyewe bado vina viini. Hali hiyo huitwa parakeratosi. Tabaka la punje limepungua au halipo. Vigamba havipukutiki kimoja kimoja. Hushikamana, na hewa inayonaswa kati yao ndiyo inayovipa rangi ya fedha. Mwaka 1898 William Munro alieleza vijipu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vilivyojaa chembe nyeupe za damu ndani ya tabaka la vigamba. Hivyo ushahidi wa mambo mawili ulikuwa umo tayari katika kioo kimoja cha hadubini: seli zisizopevuka, na chembe za kinga zilizoingia mahali pasipo pao. Kwa zaidi ya nusu karne wengi walilitazama jambo la kwanza, wakaliacha la pili.

Walikuwa na sababu. Katika miaka ya 1960 ilipatikana njia ya kupima mwendo wa seli. Eugene Van Scott na Gerald Weinstein, nchini Marekani, walitumia timidini iliyotiwa haidrojeni yenye mnururisho. Seli inayojiandaa kugawanyika huimeza timidini hiyo, na mtafiti huweza kufuata alama yake ikipanda tabaka kwa tabaka. Matokeo waliyoyatoa mwaka 1965 yaliwashangaza wengi: safari iliyochukua karibu majuma mawili katika matabaka hai ya ngozi ya kawaida ilichukua siku 2 hivi katika baka la soriasisi. Katika hesabu aliyoitoa Weinstein pamoja na wenzake mwaka 1985, mzunguko wa seli mama, yaani muda kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine, ulikuwa saa 311 katika ngozi ya kawaida na saa 36 katika soriasisi. Kila milimita ya mraba ya ngozi ya kawaida ilizalisha seli 1,246 kwa siku. Ile ya baka ilizalisha 35,000.

Tarakimu hizo zilionekana kumaliza kesi. Soriasisi ni ugonjwa wa haraka: seli zinazaliwa upesi mno, kwa hiyo hazipati muda wa kupevuka, kama mahindi yanayovunwa kabla ya wakati. Dawa nazo zilionekana kuthibitisha. Mwaka 1951 iliripotiwa kwamba aminopterini, dawa ya kuzuia seli zisigawanyike, husafisha mabaka; methotrekseti, ndugu yake, ikaifuata na inatumika hadi leo. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani walionyesha nguvu ya soraleni ikiunganishwa na mwanga wa urujuanimno. Dawa hiyo ilikuwa imetokana na mmea wa bonde la Nile, na Abdel Moneim El Mofty wa Kairo alikuwa ameitumia kwa ugonjwa wa mabaka meupe tangu mwaka 1948. Dawa hizi zote zilieleweka kuwa zinapunguza kasi ya seli za ngozi.

Lakini maelezo ya haraka hayakutosha. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green walifaulu kuotesha seli za ngozi ya binadamu katika maabara, na miaka iliyofuata protini za upevukaji zilitambuliwa moja baada ya nyingine. Kama seli ya soriasisi ingekuwa imekosa muda tu, tungetazamia hatua zote za upevukaji zichelewe. Sivyo ilivyoonekana. Involukrini na transiglutaminasi zilitokea mapema kuliko kawaida, katika matabaka ya chini. Filagrini na lorikrini, ambazo ni za mwisho, zilipungua. Keratini namba 1 na 10 zilipungua pia, na mahali pao zikatokea namba 6, 16 na 17. Basi seli haikuwa imechelewa tu; ilikuwa imeshika njia nyingine.

Na njia hiyo ilikuwa inajulikana. Keratini namba 6 na 16 hutokea katika ngozi ya mtu yeyote aliyejeruhiwa, wakati seli za kando ya jeraha zinapokimbilia kuliziba. Ngozi ikiwa na jeraha haina budi kuzalisha upesi na kuridhika na kazi ya haraka. Ubora utafuata pengo likisha kuzibwa. Ngozi ya soriasisi inafanya vivyo hivyo, ila jeraha halipo, na amri ya kukoma haiji. Hapo ndipo ulipoeleweka vizuri zaidi uchunguzi wa Koebner wa mwaka 1872: jeraha dogo linawasha mtambo wa kuponya, na kwa mgonjwa wa soriasisi mtambo huo haujui kuzimika.

4. Nani anayeamuru?

Kama seli imeshika njia ya jeraha, ni nani aliyeitangazia kwamba kuna jeraha? Jibu lilianza kuonekana kwa bahati. Mwaka 1979 madaktari Mueller na Herrmann waliandika juu ya wagonjwa waliopewa siklosporini, dawa inayozuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa. Soriasisi yao ilipoa upesi. Siklosporini hutuliza limfositi aina ya T, ambazo ni askari wa kinga. Wengine walijibu kwamba huenda dawa hiyo inazigusa seli za ngozi zenyewe, na mabishano yakaendelea kwa miaka 15.

Majaribio mawili ya miaka ya 1990 yaliupima ubishi huo. Mwaka 1995 Alice Gottlieb, James Krueger na wenzao wa New York walitumia sumu iliyotengenezwa ili iingie katika limfositi zilizoamshwa tu, bila kuzidhuru seli za ngozi. Kati ya wagonjwa 10 waliotibiwa, 4 walipata nafuu kubwa na 4 wengine nafuu ya wastani. Na pale nafuu ilipopatikana, seli za ngozi zilirudia upevukaji wake. Mwaka 1996 Tracy Wrone-Smith na Brian Nickoloff waliwapandikizia panya wasio na kinga ngozi iliyokuwa nzima toka kwa wagonjwa wa soriasisi, kisha wakaidunga chembe za kinga za wagonjwa wale wale. Ngozi hiyo iligeuka kuwa baka la soriasisi. Kadhalika, vipimo vya miaka hiyo vilionyesha kwamba methotrekseti, kwa kiasi wanachopewa wagonjwa, huziathiri limfositi zaidi kuliko seli za ngozi. Dawa iliyokuwa shahidi wa nadharia ya kwanza ikawa shahidi wa nadharia ya pili.

Hatua zilizofuata zilitaja wajumbe wanaobeba amri hiyo. Mwaka 2000 iligunduliwa interlukini-23, ambayo hulea limfositi fulani. Nazo hutoa interlukini-17, inayoiamsha ngozi iite chembe nyeupe za damu, na interlukini-22, inayozuia upevukaji moja kwa moja. Vijipu vya Munro vya mwaka 1898 vikapata maelezo yake: ni mwitikio wa mwito wa interlukini-17. Dawa zinazowanasa wajumbe hao zilifuata: ustekinumab iliidhinishwa mwaka 2009, na secukinumab mwaka 2015. Wagonjwa wengi waliotumia dawa za kundi hili walisafika ngozi karibu kabisa, na katika vipande vya ngozi yao keratini namba 16 hutoweka na tabaka la punje hurudi. Kumbe seli ya ngozi haikuwa imepoteza uwezo wa kupevuka, ilikuwa imezuiwa.

5. Ngozi yatetea hoja yake

Ingekuwa rahisi kufunga historia hapa na kusema kwamba seli ya ngozi ilikuwa mtumwa asiye na hatia. Utafiti wa karne hii hauruhusu hukumu hiyo.

Mwaka 2005 watafiti wa Vienna walizima jeni mbili, JunB na c-Jun, katika ngozi ya panya waliokomaa, na panya hao walipata hali inayofanana na soriasisi, hata na uvimbe wa viungo. Chanzo kilikuwa katika ngozi. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba LL37, protini ambayo seli za ngozi huitoa zinapoumizwa, hujifunga na DNA ya mwili wenyewe na kuzidanganya chembe za kinga zidhani kwamba kuna virusi. Mwaka 2009 ilipatikana kwamba watu wasio na jeni mbili za ganda la vigamba, LCE3B na LCE3C, wamo hatarini zaidi kupata soriasisi. Jeni hizo ni za upevukaji, si za kinga. Mwaka 2012 jeni CARD14, inayofanya kazi hasa katika seli za ngozi, ilitambuliwa kuwa na makosa katika baadhi ya koo zenye ugonjwa huu. Kwa upande mwingine, jeni yenye uzito kuliko zote ni HLA-C, na hiyo ni ya kinga.

Afrika nayo ina sehemu yake katika sura hii. Mwaka 2011 uchunguzi wa familia 9 za Tunisia ulifumbua chanzo cha soriasisi ya usaha iliyoenea mwilini, aina ya hatari iliyoelezwa na Leo von Zumbusch mwaka 1910. Wagonjwa hao walirithi kasoro katika jeni ya IL36RN, inayotengeneza breki ya interlukini-36, mjumbe anayetolewa kwa wingi na seli za ngozi. Kutokana na maarifa hayo dawa ya spesolimab ilipatikana, nayo iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2022. Nchi iliyomtoa mtafsiri Constantinus ndiyo iliyotoa pia ushahidi huu.

Kwa hiyo jibu la leo ni la mzunguko. Ngozi iliyoguswa hutoa mwito. Kinga huitikia na kutuma wajumbe. Wajumbe huikatiza ngozi isipevuke. Ngozi isiyopevuka haizuii vizuri, nayo hutoa mwito mpya. Hata baka likitoweka, limfositi kadhaa hubaki pale zikiwa na kumbukumbu, ndiyo maana ugonjwa hupenda kurudi mahali pale pale. Walioitazama seli ya ngozi na walioitazama chembe ya kinga walikuwa wakiuzunguka mduara mmoja toka pande mbili.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba jibu la kwanza, lile la jina, ndilo lililowagharimu wagonjwa kuliko yote, na ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote kusahihishwa: tangu karne ya 11 hadi mwaka 1841. Hadubini na maabara zilikosea pia, lakini zilikuwa na njia ya kujisahihisha, kwa kuwa kila nadharia ilibidi ipimwe. Jina halipimwi, hurithiwa.

Jambo hilo linatuhusu. Kiswahili kina majina mengi ya magonjwa ya ngozi: ukoma au matana, choa, mba, ukurutu, upele, mbalanga. Hakuna hata moja linalolingana na soriasisi. Mgonjwa wa Lubumbashi au wa Bukavu aliyeandikiwa jina la Kifaransa katika karatasi ya daktari hurudi nyumbani, na nyumbani huulizwa ana nini. Akikosa neno, jirani atampa moja, na katika nchi ambayo bado imo miongoni mwa zile za Afrika zenye wagonjwa wengi wa ukoma, neno litakalomjia jirani kwanza si gumu kukisia. Hali hiyo huongezwa na ukweli kwamba vitabu vingi vya tiba vimechora soriasisi katika ngozi nyeupe tu, ambapo wekundu ndio dalili. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta wekundu hatauona katika ngozi ya mama yake. Tofauti kubwa na ukoma hata hivyo yaweza kupimwa kwa kipande cha pamba: baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi, la soriasisi lina hisia.

Kwa maoni yetu, yafaa neno soriasisi lipokelewe katika Kiswahili jinsi lilivyo, kuliko kulivuta jina la zamani hadi lipasuke, kama lilivyovutwa lepra. Ama maelezo ya ugonjwa wenyewe, lugha yetu inayatosheleza: ni ngozi inayoharakisha kuziba jeraha lisilokuwapo, na seli zake zinafika juu kabla ya kupevuka. Maneno hayo mgonjwa anaweza kuyachukua nyumbani na kuyasema mbele ya jirani. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya soriasisi, na ripoti ya mwaka 2016 iliyofuata ilisisitiza mapambano dhidi ya unyanyapaa. Dawa mpya tulizozitaja ni ghali mno kwa wengi wetu, lakini jina sahihi halinunuliwi.

Tahadhari moja inabaki. Tukimwambia jirani kwamba huu si ukoma, tusimwache akidhani kwamba ingekuwa ukoma angekuwa na haki ya kumfukuza mtu. Ukoma wenyewe una tiba ya dawa mseto iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1981, na mgonjwa akianza kuitumia, haupiti muda mrefu kabla hajaacha kuambukiza. Kutenganisha majina mawili hakutakuwa na faida ikiwa tunamtoa mtu mmoja utengoni ili tumwache mwenzake humo humo.